Mzigo Uliovuliwa Kofia Njia Nzima

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula makopa mlango umefungwa. Msijifanye mmesahau. Mihogo mikavu ilitwangwa, ikapikwa ugali mweusi unaonata vidoleni, na kabla ya kunawa mama anamwambia mtoto, "Funga mlango kwanza, jirani asituone." Mhaya aonekane anakula ugali mchana kweupe! Ndizi zilikuwepo, lakini mkungu mzima ulikuwa na vidole kama vya mtoto mchanga, na migomba mingine ilianguka kabla ya kuzaa, imemalizwa na fukusi na kiu. Senene waliokuja walikuwa wa kuonja tu, tena tulionja huku tunaangaliana.

Ninyi wenzangu wa kikundi mmenichosha kwa maswali kisimani. Huyu kasikia nilikamatwa, yule kasikia nilikufa, mwingine anasema nimeolewa na mvuvi. Basi nimeandika. Shule yangu mimi ni ile ya kupata Komunyo, lakini kalamu inanitii. Ma Adela, niliyesafiri naye, amesomewa haya yote akasema nimempunguzia maneno. Ni kweli. Yangeandikwa yote, karatasi za duka zima zisingetosha.

Asiyetujua ajue kwanza jambo moja. Vita ya nduli ilikula miti yetu. Kila nyumba ilichimba handaki, na kila handaki lilifunikwa kwa magogo. Vita ikaisha, akaja Juliana. Ndivyo tulivyouita ukimwi, kwa jina la kitambaa walichokileta watu wa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Juliana naye akala miti, maana kila anayekufa anataka jeneza, na waombolezaji wanataka moto wa kuota na wa kupikia, na sisi tulikuwa tunazika leo, tunazika kesho. Siku moja, miaka kadhaa kabla ya mwaka ule wa makopa, nimekaa matangani, nikainua macho, nikaona kilima chetu kiko uchi kama kichwa cha padri mzee. Na chini yake kisima kinatoa maji ya kulamba.

Ndipo nikasema mbele ya kikundi chetu cha kuzikana: anayekuja msibani na gogo la kuni, aje na mche. Huna mche, rudi na gogo lako. Mlinicheka, msikatae. Leo kila marehemu wetu ana miti yake pale kisimani na kule rweya, kwenye ule uwanda wa nyasi ambako hakuna aliyewahi kupanda kitu, na kisima chetu hakikauki tena wakati wa kiangazi. Mvua zimekosa adabu, zinachelewa tukipanda, zinakuja tukianika kahawa. Siwezi kuichapa mvua. Lakini kivuli naweza kukipanda.

Sasa, Ijumaa moja natoka kanisani, nikapata habari za Buganguzi, nilikozaliwa. Mdogo wangu Koku alirudi kwenye kibanja cha baba, shamba letu la migomba, baada ya kufiwa na mume, na ndiye anayelea watoto wa marehemu kaka yetu. Nikaambiwa Koku amekubali kumpa mtu wa visiwani miti yote ya mshambya inayozunguka kisima cha baba. Mishambya ile aliipanda baba kwa mikono yake. Mtu huyo anakausha samaki kwa moshi, anataka kuni, naye atamletea Koku mabati. Ataanza kukata Jumatatu.

Kisima kile kikikauka, wale watoto watakunywa nini? Nikamwendea Ma Adela, mjane mwenzangu, mwanamke ambaye mdomo wake hufika mahali kabla ya miguu. Nikamwambia, "Kesho tunasafiri." Akasema, "Nilikuwa nashangaa mbona unachelewa."

Kashozi hadi Hamugembe, kwa baiskeli ya ndizi

Huwezi kwenda kumkataza mtu kukata huku una mikono mitupu. Tulikata vigingi vya mtoma, ule mti ambao magome yake wazee wetu walivaa. Mtoma hauna taabu: unachomeka ardhini kigingi kirefu kama mtu, unakipa maji, kinachipua. Tukavifunga pamoja, tukavizungushia majani ya mgomba yaliyoloweshwa, juu ya majani mkeka, na juu ya mkeka shuka jeupe la Ma Adela kwa ajili ya jua. Miche ya mshambya ikakaa kwenye kikapu, kila mmoja na kikombe chake cha gome la mgomba. Mzigo ule mrefu tukaufunga kwenye baiskeli ya mchukuzi wa ndizi, tukaanza kusukuma. Mimi nilivaa gauni langu jeusi kwa sababu halionyeshi uchafu.

Mbele kidogo wanaume walikuwa wanakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kando ya njia. Walipotuona walisimama. Wakavua kofia, mmoja mmoja, na mmoja akaficha kibuyu nyuma ya mgongo.

Nikamnong'oneza Ma Adela, "Unaona? Sifa za kikundi chetu zimefika mpaka huku."

"Kifua mbele," akasema Ma Adela.

Tukapita kwa madaha kama maharusi. Kwenye mteremko akatukimbilia mama mmoja ameshika kichwa.

"Mawe, mama wee! Poleni, waitu, ndugu zetu! Mnapeleka wapi?"

"Buganguzi," nikasema.

"Mbali hivyo! Na jua hili, si itaharibika?"

"Tunaimwagia maji kila tukipumzika," akasema Ma Adela.

Yule mama akaziba mdomo kwa kanga. Akatutazama kama watu tusio na dini, halafu akaanza kulia kwa sauti. Nikafikiri labda ana matatizo yake. Nani hakuwa na yake miaka ile?

Tulifika Hamugembe, pale Bukoba mjini, jua likiwa limeegemea. Mwanangu Deo anakaa pale kwenye nyumba iliyobanwa na migomba ya majirani. Alitoka nje amevaa singlendi, akaona baiskeli, akaona shuka jeupe, akaniona mimi na gauni jeusi. Akashika mwimo wa mlango.

"Mama! Ni Ma Adela?"

"Niko nyuma yako, mjinga wewe," akasema Ma Adela, ambaye alikwisha ingia uani kutafuta kigoda.

Hapo ndipo tulipojua tumebeba nini machoni pa watu. Maiti ngapi zilipita barabara zile siku zile, zikirudishwa kwao kwa baiskeli, kwa pikapu, kwa mgongo? Hakuna aliyekuwa anauliza tena. Watu walivua kofia tu. Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kidogo bila kicheko, kisha nikaomba chakula.

Mkwe wangu alipika ugali na dagaa, akatuandalia mlango wazi. Mjini hawana aibu. Majirani waliokuja kutoa pole walibaki kula. Deo hakula, alinikazia macho.

"Mama, umri wako huu si wa barabara ile. Magari hakuna, na ukifika, mama mdogo amekwisha toa neno lake. Kaa hapa upumzike. Jumatano nitatuma mtu."

"Jumatano ile miti itakuwa moshi."

"Mama, nakuomba. Kaa."

Nikamwambia mbele ya mke wake na mbele ya majirani wenye midomo imejaa dagaa: "Sikai. Nitakaa siku mkinizika, na hata siku hiyo mje na miche."

Hamugembe hadi Muleba, juu ya chumvi

Jumapili baada ya misa tulipata lori la chumvi na sabuni. Dereva alikuwa ametangaza habebi mtu. Alipouona mzigo wetu alishuka mwenyewe, akapanga magunia vizuri, akaulaza mzigo juu yake kama anamlaza mtoto.

"Mwanangu," nikamwambia, maana mimi sidanganyi, "hii ni miti."

"Pole, mama," akasema taratibu. "Uchungu humfanya mtu aseme lolote."

"Mitoma. Ya kupanda."

"Ndiyo, mama. Kaeni mbele nyie, msipate vumbi."

Sasa mtu anayekataa ukweli umfanyeje? Tukakaa mbele. Dereva alikuwa Mwislamu. Kila tukipanda kilima alisoma dua. Nasi kila tukishuka tulishika rozari, kwa sababu breki za lori lile zilikuwa zinalia kama mbuzi. Naye akituona tunasali akazidi kuhuzunika. Akatupa maandazi yake yote. Tukala. Maandazi ya huzuni nayo ni matamu.

Tulikuwa hatujafika Muhutwe lori likachemka. Moshi ukatoka mbele, dereva akaruka chini, akafungua rejeta, akarudi mikono imeungua. Hakuna maji. Kijito cha karibu kilikuwa mchanga mtupu, kilikuwa kimeaga tangu Juni. Maji yaliyokuwepo pale yalikuwa yale tu ya kwenye debe letu, ya kumwagia mitoma.

Ma Adela akalikalia debe.

"Mama," dereva akamwambia kwa upole, "mimi najua hali yenu. Lakini marehemu hahitaji maji. Gari linahitaji."

"Marehemu gani? Njoo ufungue uone!"

Akapanda nyuma na Ma Adela, akafunua shuka, akafunua mkeka, akafunua majani. Akabaki ameinama. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikasema analia huyu. Kumbe ni kicheko, tena kicheko cha mtu aliyezisomea fimbo dua tangu Bukoba. Alicheka mpaka akaketi kwenye gunia la chumvi. Alipomaliza akakasirika.

"Nimewapa maandazi yangu!"

"Nilikwambia ni miti," nikasema. "Tena mara mbili."

Wakati huo ilitupita pikapu ya wafanyabiashara wa samaki. Ikapunguza mwendo, macho yao kwenye shuka jeupe. "Poleni! Mnakwenda wapi?" Nikawajibu, "Buganguzi, kwa Koku." "Mmetoka wapi?" "Kashozi." "Aa, poleni sana, waitu!" Ikaondoka na vumbi lake. Mimi sikufikiri lolote. Nilikuwa nafikiria debe.

Baadaye akatokea mwanamke na mtungi wa maji kichwani, uso umekauka kama ngozi ya ngoma. Alikuwa ameona shuka kutoka kilimani, ametuletea maji ya msiba, maji aliyoyateka mbali. Dereva akaninong'oneza, "Funika haraka. Bila maiti hatupewi hata tone."

Nikamkata jicho. Mimi siombi maji kwa uongo. Nikamwambia yule mwanamke, "Mwanangu, hakuna aliyekufa. Tumebeba mitoma, tunakwenda kupanda kisimani kabla hakijakauka."

Alitua mtungi. Nikajua ataondoka nao. Akauliza, "Mitoma inarudisha maji?"

"Kwetu kisima kilikuwa cha kulamba. Njoo Kashozi ukitazame leo. Hakirudi kwa siku moja, lakini kinarudi."

"Chetu kimekufa," akasema. "Tulikata miti ya kukizunguka tukapikia matanga. Tulizika sana mwaka huu."

Basi nikamweleza sheria yetu ya gogo na mche. Akaisikiliza yote, akaniambia niirudie, kisha akammiminia dereva maji kwenye rejeta kwa mkono wake mwenyewe. Tukampa kigingi kimoja. Alikitia begani akaondoka nacho, na mtungi mtupu kichwani, akitembea haraka kuliko alivyokuja. Nilimtazama mpaka akapotea. Wenzangu, nilisikia moyo wangu unapiga kama wa msichana! Hatukuwa tumefika tunakokwenda, na tayari tulikuwa tumepanda.

Tulilala Muleba kwa mjane mmoja anayejuana na Ma Adela. Alitupa chai ya rangi na viazi vitamu. Mengine ya pale ni ya Ma Adela, atawasimulia mwenyewe na hatamaliza.

Muleba hadi Buganguzi, nikijifuata mwenyewe kaburini

Jumatatu asubuhi tulipata vijana wawili wenye nguvu wa kutubebea mzigo begani, mimi na Ma Adela tukabeba kikapu kwa zamu. Nilikuwa na haraka. Kila nikisikia shoka mahali nilidhani ni kwa Koku.

Tukiwa tumebakiza vilima viwili, njia ikaanza kujaa watu. Wanawake wenye kuni vichwani, wenye nyasi, wenye mikungu myembamba ya ndizi. Wanaume na majembe. Vijana wetu walikuwa wametangulia na mzigo, na kila aliyeuona aliupisha. Sisi tukawa nyuma pamoja na kundi la wanawake nisiowajua, maana nilitoka kwetu siku nyingi, nikiwa bado na meno yote.

"Msiba wa nani?" nikauliza. Niliwaza Koku. Niliwaza wale watoto.

"Wa dada yake Koku," akanijibu mmoja mnene, mwenye gogo kubwa kichwani. "Yule aliyeolewa Kashozi. Watu wa samaki wameleta habari jana. Amefia mjini."

Ma Adela akanifinya mkono mpaka leo nina alama.

"Yustina?" nikauliza.

"Huyo huyo. Mlijuana?"

"Kidogo," nikasema.

"Mimi sikuwahi kumwona. Lakini wanasema alikuwa na mdomo, mdomo ule! Mume wake alikuwa anakwenda shambani kupumzika."

"Lakini mchapakazi," akasema mwingine.

"Mchapakazi ndiyo. Na mchoyo wa chumvi."

"Mchoyo wa chumvi nani kasema?" nikauliza.

"Koku mwenyewe."

Nikaiweka hiyo moyoni kwa ajili ya Koku.

"Ila mbona analetwa kuzikwa kwao," akauliza wa nyuma, "na mume wake amezikwa Kashozi?"

"Labda alichagua mwenyewe," akasema yule mnene. "Mdomo ule, hata kaburi angelipangia watu."

Ma Adela alikuwa amejifunika uso wote kwa kanga, anatetemeka. Wakampa pole. "Lia tu, mama," wakamwambia. "Lia, usijizuie."

Kwa Koku

Kitu cha kwanza nilichokiangalia ni mishambya ya baba. Ilikuwa imesimama! Yote! Na chini yake wanaume wa kisiwani wameketi, misumeno imelala kwenye nyasi na shoka zimefunikwa gunia. Nikaelewa mara moja. Pale kwetu mtu akifa hakuna anayeshika jembe wala shoka kwa kazi yake mpaka maiti iingie ardhini. Walikuwa wamefika alfajiri kukata, wakaambiwa wasubiri. Kifo changu kilikuwa kimewazuia.

Kitu cha pili nilichokiona ni kaburi. Limechimbwa katikati ya kibanja, linafika mtu kiunoni, udongo mwekundu pembeni. La kwangu mimi.

Kitu cha tatu ni Koku. Alikuwa amekumbatia ule mzigo ulioletwa na vijana, ameulalia, anaita, "Yustina wangu! Yustina, nani atanigombeza sasa?"

"Mimi," nikasema. "Na nitaanza na habari ya chumvi."

Aliinua uso. Waombolezaji waliokuwa karibu walirudi nyuma wakakanyagana. Koku alinitazama, akautazama mzigo, akanitazama tena, kisha akavua ndala yake akanirukia. Alinipiga mabegani, mgongoni, akilia, akipiga, akinishika uso, akipiga tena. "Unakufaje bila kuniambia! Unafufukaje bila kuniambia!" Mpaka tukaanguka wote wawili kwenye nyasi za msiba tukalia kama watoto. Hiyo sehemu siiandiki zaidi.

Akasimama Ta Bagenyi, mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana cha pale, mzee mrefu mwenye fimbo na hasira.

"Nani amechezea msiba? Tumezika wangapi mwezi huu, na ninyi mnakuja na maiti ya mchezo!"

Kukanyagana kulikoma. Hakuna aliyecheka. Hata mimi niliona aibu kwa niaba ya mzigo.

"Ta Bagenyi," nikasema, "sijamwambia mtu yeyote kwamba kuna maiti. Dereva nilimwambia ni miti mara mbili. Ninyi wenyewe mmezoea kifo kiasi kwamba mkiona kitu kirefu na shuka jeupe hamuulizi. Je, hilo ni kosa langu?"

Akashusha fimbo yake. Nikafunua shuka. Mitoma ilikuwa mibichi, mingine imeanza kutoa vichipukizi, vidogo kama pua ya panya.

"Mmenijia na kuni," nikasema. "Asanteni. Sikujua napendwa hivi. Lakini hebu geukeni mtazame zimetoka wapi."

Wakageuka. Kilima cha Buganguzi kilikuwa kama chetu cha zamani, visiki na vumbi. Miti iliyobaki kuonekana ilikuwa ile ya baba, pale kisimani.

"Mimi mmoja tu, tena sijafa, mmemaliza kilima. Je, tukifa wote?"

Nikawaeleza sheria yetu. Gogo na mche. Nikawaambia habari za kisima chetu, na jinsi migomba yetu iliyo karibu na miti ilivyosimama mingine ikianguka. Nilisema sana, najua. Yule mwanamke mnene akatua gogo lake chini, *pu*, akasema, "Kumbe mdomo ule ndio huu!" Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kilikuwa kama mvua. Akaja mbele akachukua kigingi cha mtoma. "Mimi nachota maji hapa," akasema. "Nipeni changu."

Lakini Koku hakucheka.

"Paa langu linavuja, Yustina. Watoto wanalala wamejikunja kona moja kama vifaranga. Huyu bwana analeta mabati. Wewe umeleta fimbo."

Akasimama na yule mtu wa kisiwani, jina lake Masatu, amevua kofia tangu asubuhi, mkononi ana sato mkubwa aliyemleta kama rambirambi zangu.

"Mama, mimi si mwizi," akasema. "Tumeelewana na mwenye miti. Na samaki hakaushwi kwa sala."

Hapo mambo yalikuwa magumu, siwafichi. Wote wawili walisema kweli. Watoto wa kaka yangu walikuwa wamesimama mlangoni wananitazama, na nyuma yao niliona anga kupitia kwenye paa. Nikamgeukia Ta Bagenyi.

"Kikundi chenu kina watu wangapi wanaojua kuezeka?"

"Kikundi chetu ni cha kuzika," akasema. "Si cha kuezeka."

"Leo mmeacha mashamba, mmechimba, mmebeba, mmekuja kumfanyia kazi mfu asiyejua hata kusema asante. Mnashindwa kumfanyia mtoto anayelowa?"

Akachora udongo kwa fimbo. Halafu akamwuliza Koku, kama mtu aliyekasirishwa na Koku sasa, "Nyumba ya watoto wa kaka yako, rafiki yangu, inavuja na hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Mnakuja mtu akifa tu."

Neno hilo lilimwingia mzee. Alivua kofia, akaivaa tena. Akaita wanaume, akawataja kwa majina: ninyi, nyasi ndefu za kuezeka kule rweya, Alhamisi. Ninyi, fito. Kisha akanigeukia: "Na wewe, Ma Yustina, kwa kututisha, utatoa rubisi ya kikundi. Sitaki maneno." Sikutoa maneno. Nilitoa rubisi, Koku aliikopa kwa jirani.

Masatu alikuwa bado amesimama na samaki wake. Yule mwanamke mnene ndiye aliyelitatua lake. "Kuni zote hizi tulileta za matanga," akasema, "na maiti imekataa kulala. Si achukue hizi?" Rundo lilikuwa kubwa kuliko nyumba ya Koku! Masatu akalizunguka, akakuna kichwa, akaanza kucheka. Nyasi tulizoletewa za kutandika waombolezaji tukazitandaza kibanjani chini ya migomba. Ndizi tulizila. Sato tulimla pia, kwa mchuzi, na nilimtilia chumvi ya kutosha Koku akiona.

Likabaki kaburi. Wazee walisema kaburi likichimbwa halifukiwi tupu, litamwita mtu. Walitaka kulitilia kigogo cha mgomba, kama desturi. Nikasema hapana. Hilo ni langu. Tukalifukia tukibakiza nafasi ya kigingi cha mtoma, kilicho kirefu kuliko vyote, tukakimwagia maji ya kisima cha baba. Mtoto mdogo wa mwisho akauliza, "Mukaka, bibi, sasa huyu ndiye wewe?" Nikamwambia ndiyo, na aninyweshe maji kila jioni, asinisahau.

Kurudi

Njia ya kurudi haina habari. Dereva wa chumvi alitubeba tena, na safari hii alidai maandazi. Karibu na Muhutwe nilichungulia nikaona kigingi kimesimama kando ya kisima kikavu, kimezungushiwa miiba ili mbuzi wasikiguse. Miche yetu mitatu ya mshambya ilikufa njiani, na Koku mpaka leo analalamika kwamba mabati yangedumu kuliko nyasi. Labda ni kweli. Lakini Alhamisi ile walikuja wengi hata wakawa wanagombania ngazi.

Na sasa Masatu ametuma salamu. Anasema kisiwani kwao wamebaki na mawe na moshi, wanawake wa kule wanataka kusikia sheria ya gogo na mche kutoka kwenye mdomo wenyewe. Ndiyo maana mlinizunguka jana kisimani, wenzangu, na Deo mwanangu kaja kutoka mjini kuwasaidia. Mnasema ziwa lina mawimbi. Mnasema kaburi langu limekwisha chimbwa, nisilijaribu. Mnasema, "Ma Yustina, umefanya ya kutosha, sasa kaa."

Jibu langu mnalijua, ila naliandika ili asiwepo wa kusema hakusikia. Sikai. Nitakaa siku mkinizika, na hata siku hiyo mje na miche.